Maji Yaliyopanda Mahameni

Kabla maji hayajafunguliwa, hali ya mahali pale ilikuwa kama ifuatavyo.

Ardhi ya Embu ni mteremko mmoja mrefu. Unaanzia msituni, miguuni pa Mlima Kenya, ambako ukungu hulala juu ya majani ya chai hadi jua lipande sana, na unaishia kwenye nyika za Mbeere, ambako Mto Tana umezuiwa kwa bwawa moja baada ya jingine. Anayeshuka kutoka Kibugu asubuhi huiacha chai nyuma yake, akapita katikati ya mibuni na migomba, akaupita mji wa Embu na ofisi zake, kisha akaona mahindi yakipungua kimo shamba kwa shamba kana kwamba yanazama. Mahali fulani, ambapo sijawahi kuweza kupaonyesha kwa kidole, udongo mwekundu unaong'ang'ania viatu huisha na changarawe ya kijivu huanza. Kuanzia hapo ni mtama, ndengu, mbuzi na muguka, ile jamii ya miraa ambayo hutafunwa majani. Mtu aliyetoka nyumbani amevaa sweta hujikuta adhuhuri akitafuta kivuli, na bado yumo katika kaunti ile ile.

Nimefundisha jiografia kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na mwaka huo nilikuwa nikiandika kitabu cha kiada juu ya umbo la nchi yetu na uchumi wake. Kanuni niliyokuwa nikiieleza ni rahisi. Nchi ni kubwa, lakini sehemu yake iliyo kubwa zaidi ni kavu. Mvua imejilimbikiza katika vipande vichache vya nyanda za juu. Na watu wameifuata, wakabanana pale ilipo hata mashamba yakagawanywa mpaka yakawa vishoroba. Upande wa Meru ni vivyo hivyo. Kanyakine migomba na mibuni imesimama bega kwa bega, na kule Maua wafanyabiashara, baadhi yao Waislamu ambao babu zao walihamia huko, hupakia miraa kwa haraka ya watu wanaojua kwamba thamani ya jani hufa pamoja na ubichi wake. Aliyekosa nafasi juu hushuka. Aliyeshindwa na ukame chini hupanda tena, au huenda Nairobi. Nilipenda kuwaambia wanafunzi wangu kwamba nchi hii hupoteza watu jinsi mlima unavyopoteza udongo: polepole, kwa mteremko, bila kelele. Niliisema sentensi hiyo kwa miaka mingi. Sikuwa nimewahi kuisema nikiwa nimesimama mahali ambapo watu wamekwisha kupotea.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, aliolewa huko chini, na mumewe alipofariki akabaki huko huko chini. Shamba lake liko kwenye bega la kilima ambacho sitakitaja, kwa kuwa wenyeji hawapendi kizungumzwe na wageni. Juu ya shamba hilo hupita nyaya nene za umeme zinazotoka mabwawani, na nguzo moja ya chuma imesimama karibu kabisa na zizi lake la mbuzi. Asubuhi zenye unyevu nyaya hizo huvuma: sauti moja isiyopanda wala kushuka, kama mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo. Maji ya mlima wetu hupita mbali naye, mtoni. Huko bwawani hugeuzwa umeme. Umeme nao hupita juu ya paa lake kwenda kwa watu wengine. Yeye mwenyewe alikuwa akiwasha taa ya sola na kubebesha punda mitungi ya maji. Sikumsikia akilalamika. "Mimi ni njia tu," aliniambia wakati mmoja, akicheka. "Kila kitu hupita kwangu kikienda kwa wenyewe."

Kupakana na shamba lake, kwa upande wa mlimani, palikuwa na boma la shemeji yake, kaka wa marehemu mumewe. Nililijua boma hilo lilipokuwa na watu. Kisha miaka ya ukame ilifuatana, ng'ombe wakaisha, watoto wakaenda mjini kutafuta kazi, shemeji akafariki, na mjane wake akachukuliwa na watoto wake akaishi nao jijini hadi alipozikwa huko. Nyumba ilianguka yenyewe. Yalibaki mafiga matatu, shimo pana la zizi la ng'ombe ambalo samadi yake ilikuwa imechotwa mwaka hadi mwaka, na ua. Watu wakapaita mahame, na wakapashughulikia kama mahame yanavyoshughulikiwa katika sehemu zile: hapalimwi, hapachimbwi, hapakatwi kuni. Jembe haliingii mahameni mpaka mtu wa boma lenyewe, wa damu au wa ndoa, atangulie nalo. Na boma hilo halikuwa tena na mtu pale; watoto wake hawakurudi.

Lakini ua ule haukuota nyasi. Hilo ndilo jambo lililowafanya watu wapite mbali. Nyasi zilijaa kuzunguka ua, zikafika kiunoni, zikakoma kwenye mstari kana kwamba zimekatazwa. Aliyethubutu kuchungulia asubuhi angeona mavumbini mikwaruzo ya ufagio, iliyopindapinda kama magamba ya samaki, bado mipya. Hapakuwa na nyayo. Mfagiaji mzuri, bila shaka, hurudi nyuma akizifuta nyayo zake mwenyewe. Hayo nilijiambia nilipoiona mikwaruzo hiyo mara ya kwanza, nikaona nimejieleza vya kutosha, nikaondoka upesi kuliko nilivyokuja.

Palikuwa na ajabu nyingine, na hii naweza kuieleza. Kutoka kona ya juu ya mahame hadi shamba la shangazi, macho hudanganywa. Vilima vya mbali vimeuficha upeo wa macho, na migunga ya pale yote imeinama upande mmoja kwa sababu ya upepo, hata mtu akapoteza kipimo cha wima na cha ulalo. Mahame huonekana yako juu ya kijilima, kama maboma mengi yalivyo. Upande wa kushoto wa mahame huonekana kushuka kwa upole. Ukweli ni kinyume: upande wa kushoto unapanda, na kijilima ni bonde. Shangazi alinionyesha nilipokuwa mwanafunzi. Aliulaza mtungi mtupu wa plastiki chini kwenye kona hiyo, ukiikingama njia, akauachilia. Nao ukaanza kubingirika wenyewe, taratibu, ukipanda kuelekea mahameni, mpaka ukatokomea kwenye nyasi. Nimesoma maelezo ya mambo kama hayo na kuyafundisha. Maelezo hayajawahi kuyarekebisha macho yangu. Kila nikisimama pale, ninaona mtungi ukipanda.

Hiyo ndiyo ilikuwa hali. Juu yake iongezwe hii: binti wa shangazi, aliyeolewa Kibugu kwa wakulima wa chai, alikuwa amemjengea mama yake chumba na alimtaka ahamie. Walikuwa wamebishana kwa misimu kadhaa. Hatimaye shangazi alitoa neno lake mbele yangu, kwa simu iliyowekwa sauti kubwa.

"Maji yakifika shambani kabla ya mvua za vuli, nitakaa. Yasipofika, njoo unichukue."

"Mama, usije ukageuka."

"Nikisema kitu huwa nageuka?"

"Hapana. Ndiyo maana naogopa."

Alipokata simu aliweka mikono juu ya magoti. Nilimjua vya kutosha kuelewa kwamba hakuwa ameweka sharti ili asihame. Alikuwa amechoka na punda, alikuwa amechoka na njia ya mtoni, na alikuwa ameukabidhi mfereji uliokuwa ukichimbwa uamuzi ambao hakutaka kuufanya mwenyewe. Akienda, lile bega la kilima lingekuwa na mahame mawili.

Mfereji wenyewe ulikuwa wa kikundi cha maji cha pale, na ulitoka kwenye kijito kinachoshuka kutoka juu. Katika sehemu za mlimani mfereji huchimbwa maji yakifuata nyuma: mtu huchimba hatua chache, maji huja, na yakisita mchimbaji hujua amekosea. Maji ndiyo pimamaji. Lakini kiangazi hicho kijito kilikuwa chembamba, na kikundi kilikuwa kimekubaliana na watumiaji wa juu kwamba hakitafungua mdomo wa mfereji mpaka mfereji wote uwe tayari. Kwa hiyo walichimba pakavu, kila boma likichimba kipande kilichokabili ardhi yake, na walichimba kwa macho. Walikuwa hodari. Kwa sehemu kubwa ya njia, macho yao hayakukosea.

Walipofika kwenye kona ya mahame walisimama, kwa sababu kipande kile hakikuwa na mwenyewe wa kukichimba.

Nilikuwa nimefika kwa shangazi nikiwa na mpira wa fundi, ule mpira mwembamba unaopitisha nuru ambao waashi huujaza maji ili kusawazisha kuta. Shangazi alishika ncha moja, nami nikashika nyingine. Tulipima upande wa kushoto, na maji yakasema ardhi inapanda. Tukapima kwa kuuzungusha mpira kando ya mahame, bila kuingia, na maji yakasema ardhi inashuka moja kwa moja kupitia uani hadi shambani kwake. Nilimweleza mwenyekiti wa kikundi, mkulima wa muguka wa rika langu, mtu mcheshi na mwenye haki, kwamba njia pekee ya mfereji ni kupitia mahameni.

"Mwalimu, huo mpira wako umemeza hewa," alisema. "Hata mbuzi anaona kule kushoto ndiko bondeni."

"Nimeutoa hewa, nikapima tena."

"Basi hayo maji yamelewa. Umeyachota karibu na muguka wangu?"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Kisha mzee mmoja mrefu, mfugaji, ambaye hakuwa amecheka, alinisogelea na kusema kwa upole, "Mwana wetu, neno kama hilo halisemwi jembe likiwa bado mkononi. Ukisema maji yataingia mahameni, umeyaalika."

"Sijayaalika, mzee. Nimeyapima."

"Kwa maji, hayo ni mamoja."

Wakauzungusha mfereji kushoto. Waliuchimba kwa ushirika, kwa nyimbo, na waliuchimba vizuri, wakiufuata mteremko ambao kila mmoja wetu, nikiwemo mimi, aliuona wazi. Nilijaribu kukisia ni kina gani kingehitajika ili kushinda mwinuko ule, nikawaambia wachimbe zaidi. Walichimba zaidi kidogo kwa heshima ya elimu yangu, kisha wakaona wanachimba shimo la bure pale wanapoona ardhi inashuka, wakaacha. Siwalaumu. Kumwambia mtu asiamini macho yake akiwa ameshika jembe ni kumwomba jambo kubwa.

Maji yalifunguliwa asubuhi yenye mawingu. Tulisimama kwenye kona ya mahame, watu wa maboma yote, akina mama wakiwa na mitungi, shangazi akiwa mbele ya wote na kitambaa chake cha kanisani kichwani. Tuliyasikia kabla ya kuyaona. Yalikuja yakisukuma mbele yake majani makavu na vumbi na mchwa, na ulimi wake wa kwanza ulikuwa mweusi. Watu walipiga vigelegele. Ulimi ukafika kwenye kona, ukageuka kushoto kama ulivyoelekezwa, ukaenda hatua chache kwenye kile tulichokiona kuwa mteremko, ukasimama.

Vigelegele vilikatika kimoja baada ya kingine. Maji yalikuwa yakivimba mahali pamoja. Hayakwenda mbele. Kisha, mbele ya macho yetu, yakaanza kurudi, yakipanda njia yaliyotoka kuishuka, na majani makavu yakarudi yakielea juu yake. Nilizisikia nyaya za umeme. Huenda zilikuwa zikivuma tangu alfajiri, lakini hapo ndipo nilipozisikia.

Ukingo wa kulia ulilainika, ukapasuka. Maji yakatoka mferejini na kuanza kupanda kijilima cha mahame. Najua hayakuwa yakipanda. Nilikuwa nimeyapima. Lakini hivyo ndivyo nilivyoyaona, na hivyo ndivyo kila mtu pale alivyoyaona: maji membamba, yasiyo na haraka, yakiupanda mwinuko kati ya nyasi, yakaingia uani, yakayazunguka mafiga matatu bila kuyalowesha, yakashuka katika lile shimo la zizi la kale na kutulia humo, kama ng'ombe aliyerudi jioni.

"Yameitwa," alisema mwanamke mmoja nyuma yangu. Akaokota mtungi wake mtupu, akaondoka. Wengine wakamfuata. Mwenyekiti alimtuma mtu kukimbia juu na kuufunga mdomo wa mfereji, kisha akavua kofia na kuishika tu. Hakuwa na mzaha wowote wa kutoa. Shangazi alibaki akiyatazama yale maji zizini mpaka nilipomgusa kiwiko. Alikuwa haangalii kwa hofu. Alikuwa na uso wa mtu anayefanya hesabu.

Kesho yake kikundi kilikutana pale pale, hatua kadhaa mbali na kona. Mwenyekiti alisema lililokuwa rahisi kutabirika. Walio juu ya kona wana maji yao tayari, mfereji ufungwe hapo kwenye kona kwa mawe, kilichobaki kiachwe. Alilisema akimtazama shangazi, na lilimuuma yeye mwenyewe.

"Mama, hatukukusudia. Unaona mwenyewe. Bila kupitia mle hayaendi, na mle hatuingii."

"Kwa nini hamuingii?"

"Mama, ni mahame. Kila mtu anajua."

"Mahame yana nyasi," alisema shangazi. "Wewe umeona nyasi pale?"

Watu wakajisogeza. Mwanamke aliyekuwa amesema kwamba maji yameitwa akajibu kwa sauti ya chini, "Hilo ndilo linalotutisha."

"Basi msitishike. Ni mimi. Mimi ndiye nafagia."

Katika sehemu zetu mtu akiamka kabla ya wengine, akaenda na ufagio katika ua wa watu waliotoweka, akafuta nyayo zake akirudi, tena akafanya hivyo miaka mingi bila kumwambia mtu, kuna jina moja tu analopewa, na jina hilo likishampata halimwachi. Alilijua kuliko mimi. Alikuwa amelikwepa kwa kunyamaza muda wote huo, na sasa alikuwa ameliweka chini mbele ya kila mtu, kwa ajili ya maji.

"Mke wa shemeji yangu aliponiaga, alinishika mkono," aliendelea. "Akaniambia, 'Usiache nyasi ziote uani kwangu, wasije wakasema tumekufa.' Nikamwambia sitaacha. Sijaacha. Boma linalofagiliwa lina mwenyewe. Sasa niambieni kama jembe haliingii."

Aliyejibu ni yule mzee mfugaji.

"Kumbe ni wewe!" alisema. "Mwaka nenda mwaka rudi nimewazungusha ng'ombe wangu kwa njia ya mtoni, magoti yakaniisha, kwa ajili ya ufagio wako?"

"Ungeuliza, baba."

"Ningemwuliza nani? Ufagio?"

Mtu mmoja akacheka, kisha wengi. Si wote. Yule mwanamke alijifunga kanga yake vizuri na kusema, bila kumwelekea mtu, "Mtu mwema hafagii kwa watu gizani."

"Si gizani," shangazi akamjibu. "Ni mapema tu. Ungekuwa unaamka mapema ungeniona, mama."

Kicheko cha pili kilikuwa kikubwa kuliko cha kwanza, na mwanamke yule akaondoka. Najua kwamba hajarudi kuketi karibu na shangazi kanisani. Mwenyekiti alimgeukia mzee mfugaji, maana wakubwa wengine hawakuwapo. Mzee alitazama ua kwa muda, ule ua msafi na maji yake yaliyotulia zizini.

"Kama panafagiliwa, si mahame," alisema mwishowe. "Lakini atangulie yeye. Na asiyeguswa na ndoa ya boma lile asiingie mpaka yeye atoke."

Kwa hiyo shangazi aliingia peke yake. Alikuwa na jembe lake la kila siku, mpini wake umeng'aa kwa mikono. Alianza kwenye ukingo wa zizi, upande unaolikabili shamba lake, akachimba kuelekea kwetu, tuliosimama mpakani mwa shamba lake. Mimi nilisimama mpakani na ncha ya mpira, naye akiifunga ncha ya pili kwenye kijiti kila alipohitaji kujua. Nilimwambia kulia, kushoto, kina zaidi. Aliyapita mafiga bila kuyagusa. Hakuimba. Tulisikia jembe lake tu, na sauti ya zile nyaya, na mara kwa mara alinyanyua kichwa na kutazama upande wa pili wa ua, pasipokuwa na mtu, kama anavyofanya mtu anayelima pamoja na mwenzake akitaka kuona kama amebaki nyuma.

Alipofika mpakani na kutoka, wanaume waliingia na kumalizia kipande cha juu, kutoka kwenye kona hadi zizini. Walichimba upesi na bila maneno, wakizitazama nyayo zao wenyewe.

Jioni hiyo, kabla jua halijazama, tulikuwa tukiosha majembe nyuma ya jiko lake. Alinipa moja nilisugue, akachukua lingine, akasema bila kunitazama:

"Kuna kitu sikuwaambia."

Niliendelea kusugua.

"Unakumbuka nilipolazwa Embu, ile malaria?"

Nilikumbuka. Nilikuwa nikimletea uji wodini.

"Nilikaa huko nikifikiria nyasi. Nilipotoka nilikwenda pale kabla hata sijafungua nyumba yangu. Nikakuta pamefagiliwa. Pasafi. Alama ni mpya." Akalisuuza jembe, akaligeuza. "Unajua mimi natumia mkono wa kulia. Alama zangu hulala hivi. Zile zilikuwa zimelala hivi." Akachora kwa kidole hewani, mara ya kwanza upande mmoja, mara ya pili upande mwingine. "Marehemu mke wa shemeji alikuwa wa mkono wa kushoto."

"Huenda ni mtu mwingine alikuhurumia," nilisema. "Alijua, akakusaidia."

"Huenda," alisema. "Wote wale, uliwaona leo. Nani kati yao?"

Nilijaribu kukumbuka ile mikwaruzo niliyoiona mimi mwenyewe mara ya kwanza, ililala upande gani, nikashindwa. Mtu ambaye kazi yake ni kutazama ardhi, nami sikuwa nimetazama. Shangazi aliegemeza jembe ukutani.

"Sijasema kitu," alisema. "Nasema tu alama zilivyokaa. Nyoosha mkono unipe hilo lingine."

Kitabu nilikimaliza mwaka huo. Sentensi kuhusu watu na udongo niliiondoa. Sikuona kosa ndani yake. Niliona tu kwamba mteremko ninaoujua zaidi ya yote hauonekani jinsi ulivyo, na kwamba nisingeweza tena kuiandika kwa sauti ile ya uhakika.

Maji yalifunguliwa upya mfereji ulipokuwa umekauka na kuimarika. Yalionekana kuupanda mwinuko, yakapita uani, yakafika kwa shangazi kabla ya mvua za vuli. Alipanda ndengu na sukuma wiki, akamuuza punda, na binti yake akakigeuza kile chumba cha Kibugu kuwa ghala. Shangazi hakuhama. Anafagia nyua mbili kila asubuhi, wake kwanza, na ule mwingine akiukuta haujafagiliwa.